Ulimi wa Mkwe

Miaka ile ya sabini, watu waliokuwa wakipanda milima ya Nyamisanga walikuwa na sababu mbili za kupanda. Ya kwanza waliitaja waziwazi: kuliona ziwa kutoka juu, na kupiga picha yale mawe makubwa yaliyopandana yenyewe bila mtu kuyapanga, kabla ya kuteremka kesho yake kwenda kwenye kisiwa cha wanyama. Ya pili hawakuitaja mpaka washushe mizigo, wanawe vumbi la njia nzima kutoka Kahama, kisha waulize kwa sauti ya mtu anayejifanya hana haraka, "Na chakula ni saa ngapi?"

Chakula kilikuwa cha Mama Justina. Jina lake la ubatizo lilikuwa Paskalia, mzaliwa wa Ushirombo, mjane wa seremala aliyefanya kazi mgodini. Mgodi wa dhahabu ulipofungwa na Wazungu wakafunga virago, bwalo lao la matofali pale mlimani liliachiwa popo. Paskalia akalikodi kwa kijiji, akawatimua popo, akapaka chokaa, akawasha moto jikoni. Watu walimcheka. Nani atapanda mlima kwenda kula matobolwa, viazi vile vya kuchemshwa na kuanikwa juani ambavyo kila nyumba ya Usukumani inavyo ghalani? Yeye aliyaloweka, akayapika taratibu katika mchuzi wa karanga na samli kidogo, akayaandaa juu ya kitambaa cheupe kando ya sato wa kubanika. Basi wale wale waliomcheka wakawa wa kwanza kutafuta visingizio vya kupanda mlima siku ya Jumapili.

Lakini hakuna aliyekipenda chakula hicho kama Nkwabi, na hakuna aliyekila kwa taabu kama yeye.

Nkwabi alikuwa dereva wa Landrova ya watalii. Aliwapokea wageni uwanja wa ndege wa Ibadakuli, akawapandisha mpaka Nyamisanga, akawashusha ziwani. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kishapu, mrefu kiasi cha kuinama kila mlango, na aibu yake ilikuwa ndefu kumzidi. Siku ya kwanza alipoketi katika kona ya bwalo lile, akiwa bado kijana asiye na mke, na kumega tonge la kwanza akalichovya katika mchuzi ule, alisahau kutafuna. Alikaa hivyo, mdomo umefumba, macho yametulia juu ya kitambaa cheupe, mpaka mgeni mmoja akamuuliza kama anaumwa jino. Hakuwa anaumwa jino. Alikuwa ameshangaa kwamba karanga, zile zile karanga alizozila tangu utotoni akichunga ng'ombe, zilikuwa na hayo yote ndani yake na hazikuwahi kumwambia.

Aliyemletea sahani siku ile alikuwa Justina, binti wa mpishi. Mambo mengine yakafuata, mahari ikatolewa, ndoa ikafungwa kanisani. Na hapo ndipo Nkwabi alipojikuta amepata mke na kupoteza kiti.

Maana kwao Kishapu mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe. Hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani mpaka mwenzake apite, na huyo mmoja kwa kawaida ni kijana. Kumwona mama mkwe akitafuna, au kuonwa naye ukitafuna, ni jambo ambalo mtu mwenye adabu hata halisimulii. Sasa mama mkwe mwenyewe ndiye mpishi, na mpishi yule hakai jikoni tu. Huingia bwaloni wakati wowote na bakuli mkononi kuona nani hajashiba. Nkwabi angekaa wapi? Wapo waliosema mjini kwamba alimwoa Justina kwa sababu ya chakula. Kama ni kweli, basi hakuna mtu aliyewahi kuingia hasara kubwa namna ile.

Ikapatikana njia. Nyuma ya jiko, upande wa kuelekea mawe, kiliwekwa kigoda. Nkwabi aliketi hapo, mgongo ukiwa umeegemea ukuta wa matofali, na upande wa pili wa ukuta ule Paskalia alipika. Juu kabisa kulikuwa na matundu ya kutolea moshi, na kupitia matundu hayo wakwe wawili walizungumza bila kuonana.

"Mwangaluka, mayu," angesema Nkwabi, akimwamkia kwa Kisukuma kama mama yake mzazi.

"Mwangaluka, baba. Njia ilikuwaje?"

"Vumbi tu, mayu."

Justina angezunguka na sahani, angeiweka mapajani mwa mumewe na kuondoka akicheka. Nkwabi angevua kofia. Hakuna aliyemwagiza kuvua kofia. Aliona tu si sawa kula chakula kile akiwa amevaa kofia. Ukungu wa asubuhi ungekuwa bado umekumbatia mawe, harufu ya samli ingemshukia kutoka matundu ya juu, na yeye angekula polepole, bila kutoa sauti ya kutafuna, akistaajabu kila siku upya. Akimaliza, angeifuta sahani kwa tonge la mwisho mpaka maua yaliyochorwa ndani yake yaonekane. Mkwe habakizi chakula. Kubakiza ni kumwambia mama mkwe kwamba kimekushinda, na afadhali utumbo upasuke.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Alimjua mama mkwe wake kwa ladha kuliko watu wengi wanavyowajua wake zao kwa sura. Siku akiwa na furaha limau liliongezeka. Siku akimkumbuka marehemu mumewe, mchuzi ulikuwa mzito na wa kimya. Uso wake hakuujua, maana hata enzi za ukapera aibu ilimfanya ainamie sahani kila mpishi alipoingia bwaloni.

Kiangazi cha mwaka wa sabini na nane, kabla vita ya Kagera haijaanza, Paskalia alishikwa na homa kali. Alilala, akaweweseka, akapona. Chakula kilirudi kilivyokuwa na watu wakasahau kwamba aliugua. Baadaye kidogo Nkwabi akampeleka Justina Kolandoto, kwa shangazi anayeishi karibu na hospitali, kwa sababu mimba yao ya kwanza ilikuwa imeharibika na sasa alipokuwa mjamzito tena hawakutaka kubahatisha. Alipopanda tena mlimani na wageni wawili, sahani ililetwa na Melania, msichana wa jikoni.

Nkwabi akavua kofia. Akamega, akachovya, akatia mdomoni.

Ilikuwa chumvi. Haikuwa imezidi kidogo, la. Ilikuwa chumvi ya kulambisha ng'ombe. Macho yalimtoka. Fikra yake ya kwanza ilikuwa kwamba mama mkwe amekasirika, amechukuliwa binti yake akapelekwa mbali, na hii ndiyo lugha aliyoichagua. Fikra ya pili ilikuwa kwamba anajaribiwa. Fikra kwamba mpishi yule amekosea haikumjia kabisa; ingekuwa kama kufikiri maji yamesahau njia ya kwenda chini.

"Kimekolea, baba?" ikauliza sauti kutoka matundu ya juu.

"Kimekolea sana, mayu," akasema Nkwabi, na kwa kweli hakudanganya sana. Akala chote. Akaifuta sahani mpaka maua yakaonekana, akamrudishia Melania, akaenda kwenye Landrova akanywa karibu maji yote ya dumu la akiba.

Kesho yake, njiani kuelekea ziwani, wale wageni walimwomba asimame kijiji cha kwanza wanunue ndizi. Walizila kama watu waliofunga. Nkwabi akawatazama katika kioo. Kumbe nao walipewa kile kile.

Safari iliyofuata chakula hakikuwa na chumvi kabisa. Samaki alikuwa mtupu, mchuzi mtupu, wali kama umepikwa na mgonjwa kwa ajili ya mgonjwa. "Kimekolea, baba?" "Kimekolea, mayu." Sahani nyeupe, maua yanaonekana. Na bwaloni wageni walisukuma sahani kando, wakaomba mkate. Nkwabi aliliona hilo kupitia dirisha la gari, akalaumu wageni, akalaumu joto, akalaumu chumvi ya dukani siku hizi. Alijua anajidanganya. Lakini kijana wa Kishapu amwambie mama mkwe wake kwamba chakula chake hakiliki? Aanzie wapi? Mdomo wa kuyasema hayo angeupata wapi?

Habari mbaya ikaja kwa miguu ya mtu wa posta. Bwana Telesphori, yule aliyekuwa akipanga njia za magari ya kampuni iliyomwajiri Nkwabi, angepanda Jumamosi mchana na wageni wake. Kulikuwa na hoteli mpya ufukweni, yenye jenereta na vyumba vya vigae, na mwenye hoteli alikuwa anataka magari yapite moja kwa moja yasisimame tena mlimani. Telesphori angekula Nyamisanga, kisha angeamua. Na kila mtu pale mlimani alijua maana yake. Magari yakiacha kusimama, bwalo linafungwa, popo wanarudi, na Paskalia, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyejenga jina lake kwa moshi na jasho, anarudi Ushirombo kukaa uani kwa kaka yake.

Nkwabi alitangulizwa asubuhi ya Jumamosi hiyo na samaki wabichi. Alishusha tenga mlangoni, akazunguka, akaketi kwenye kigoda chake. Uji haukuletwa. 

"Baba," ikasema sauti.

"Naam, mayu."

"Wageni wale wamebakiza. Wa safari ile nyingine pia wamebakiza. Wewe umemaliza mara zote. Kati yenu nani mwongo?"

Nkwabi aliinamisha kichwa kana kwamba matofali yana macho.  Alitamani Justina awepo, alitamani injini iwake yenyewe imwite.

"Mayu, nisamehe," akasema mwishowe. "Ya kwanza ilikuwa chumvi tupu. Ya pili haikuwa na chumvi."

Upande wa pili kukasikika kitu kinawekwa chini taratibu.

"Tangu homa ile ulimi wangu hausikii," Paskalia akasema. "Hausikii chumvi, hausikii limau, hausikii pilipili. Na pua vilevile. Naitia chumvi naiona tu inavyozama. Justina ndiye aliyekuwa akinionjea, hakukwambia kwa sababu nilimwapisha. Alipoondoka nikasema nitapika kwa mazoea. Nikawa natazama sahani yako. Nikasema, mkwe wangu amemaliza, basi mkono wangu bado unajua."

Nkwabi akaona adabu yake yote ya miaka mitatu imegeuka kuwa shimo, na yeye ndiye aliyemsukuma mwanamke huyu ndani yake, tonge kwa tonge, akiifuta sahani. Aliumia kuliko siku aliyofiwa na baba yake.

"Melania je, mayu?"

"Melania ni mtoto mzuri. Lakini siri ikiingia sikioni mwake asubuhi, mchana wanaizungumza mnadani. Mpishi asiyesikia ladha ni kama kasisi asiyejua kusali, baba. Hakuna atakayenipa hata sufuria ya kuosha." Akaweka mwiko chini. "Ingia."

"Niingie wapi, mayu?"

"Jikoni. Nimemtuma Melania kisimani na mitungi yote, akirudi atakaa bwaloni kupanga meza. Wageni wanafika saa saba. Ingia."

Sijui kama msomaji ambaye hakulelewa katika nyumba za namna hiyo anaweza kuipima amri ile. Nkwabi alisimama, akakaa, akasimama tena. Akazunguka nyumba. Mlangoni, miguu ilikataa. Mwishowe akafanya jambo ambalo mtu wa Kishapu peke yake angelifikiria: akageuka, akaingia kinyumenyume. Aligonga kisogo kwenye kizingiti cha juu, akaomba radhi kwa mlango, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akahisi joto la majiko mgongoni. Hapo akasimama, uso ukitazama ukuta mweusi wa masizi.

Paskalia naye alikuwa amempa mgongo. Nkwabi alijua kwa sababu sauti yake ilikwenda upande wa pili. "Vizuri," alisema. "Hivyo hivyo."

Akaanza kupika, na Nkwabi akaanza kusikia. Miaka yote alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta akipokea matokeo. Sasa alisikia mafuta yakilalamika kwa sauti nyembamba, kisha sauti ikanenepa, na papo hapo samaki akatiwa, si kabla wala baada. Alisikia kifuniko kikiinuliwa na kiganja kikipitishwa juu ya mvuke wa wali. Alisikia kidole kikibonyeza kiazi. Mwanamke huyu aliyenyang'anywa ulimi na pua alikuwa anapika kwa masikio, kwa vidole, kwa macho, na kasi yake haikupungua. 

Kisha mkono ukatokea chini ya kiwiko chake, umeshika kijiko.

Aliutazama mkono ule. Ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani, una makovu ya moto toka vidoleni mpaka kwenye kifundo, na kidole cha shahada kimepinda kwa kushika mwiko. Mkono huu ndio uliomlisha, na ndiyo kwanza anauona. Aliona haya kuutazama na hakuweza kuacha.

"Onja."

Akafumba macho, akaonja, akameza kwa sauti ndogo kadiri alivyoweza, na bado alisikia koo lake likilia kama ngoma.

"Kizuri, mayu."

Kifuniko kikabamizwa juu ya sufuria mpaka akaruka.

"Vizuri vyako ndivyo vilivyonifikisha hapa! Leo sina mkwe humu ndani, baba. Mkwe umemwacha nje kwenye kigoda, utamkuta. Humu una kazi moja, kuwa ulimi wangu. Na ulimi wangu haukuwa mwoga. Sema."

Nkwabi akavuta pumzi. "Karanga zimeungua kidogo."

 Akasikia sufuria nzima ikimwagwa. Akataka kulia. Maneno yake matatu yamemwaga chakula cha watu wanane! Lakini nyuma yake kinu kilikuwa tayari kinaanza upya, na sauti ya Paskalia ilipokuja haikuwa na hasira.

"Asante," alisema. "Hivyo ndivyo. Tuendelee."

Wakaendelea. Mkono ulikuja na kijiko, ukaondoka, ukaja tena. "Chumvi imekupiga mbele ya ulimi au nyuma?" Nkwabi hakuwahi kujua kwamba chumvi ina mbele na nyuma. Akasikiliza ndani ya kinywa chake mwenyewe, kama anavyosikiliza injini inapogoma. "Mbele, mayu. Nyuma hakuna kitu." "Basi ni changa, ngoja iive." Kikaja kijiko kingine cha sufuria ile ile, na sasa chumvi ilikuwa imeenea kote. "Nyanya je?" "Zinazungumza peke yao." Akatia kitu, akakoroga, akangoja. "Sasa?" "Sasa zimekaa na wenzao." Paskalia akacheka kidogo, kicheko kifupi cha puani, na Nkwabi akajikuta naye anatabasamu kwa ukuta wa masizi.

Aliogopa, na hofu yake haikuwa tena ya kuvunja mwiko. Aliogopa kama mtu anayeonyeshwa mahali ambapo mambo hutengenezwa. Alikuwa amedhani kwamba chakula kile ni mkono mzuri tu, baraka, bahati. Kumbe kila ladha aliyowahi kuvulia kofia ilikuwa imefikiriwa, imejaribiwa, imekataliwa, imeitwa tena. Mchuzi mmoja ulipita kinywani mwake ukiwa mkali, ukiwa mpweke, ukiwa na hasira, ukiwa umetulia. Na aliyeuongoza hakuweza kuusikia hata chembe. Alikuwa anaupeleka gizani, akiuliza njia, akiamini jibu.

Jua lilipokaribia utosi ulibaki mchuzi wa karanga peke yake. Ulikuwa mzuri, lakini Nkwabi alijua kwamba sio ule. "Una upungufu, mayu, lakini siwezi kuutaja."

"Huwezi kuutaja kwa jina. Unakaa wapi?"

"Chini. Chini kabisa, baada ya kumeza."

 Akasikika akifungua chungu kidogo, akifikicha kitu kwa vidole, majani makavu ya kunde, akakitia, akafunika, akangoja huku akihesabu kwa mnong'ono. Mkono ukaja.

Nkwabi akaonja. Na bwalo likamrudia, kona ile, kitambaa cheupe, ujana wake. Karanga zikafunguka ndani ya kinywa kama mara ya kwanza. Kijiko kikabaki mdomoni.

"Vipi?" Sauti ilikuwa na wasiwasi. "Baba, vipi? Nimeharibu?"

"Ndio wenyewe, mayu."

"Upi?"

"Wenyewe. Wako."

 Alisikia tu mwanamke akipumua, kisha maneno mawili yakasemwa polepole sana: "Kumbe ungalipo."

Bwana Telesphori aliingia bwaloni saa saba na nusu akiongea. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye maneno mengi juu ya jenereta na vigae. Melania alipeleka bakuli moja moja, na kila aliporudi mlangoni alileta habari. Wamekaa. Wamejipakulia. Yule mnene anaongea. Bado anaongea. Kisha Melania akaja macho makubwa akasema, "Mama, wamenyamaza wote. Kuna nini?"

"Wanakula," Paskalia akasema.

Walikula mpaka mabakuli yakarudi matupu, na mama mmoja mgeni aliomba mkate ili tu afute sahani yake. Mwishoni Telesphori alikuja mwenyewe mpaka mlango wa jiko, kitambaa bado kimening'inia shingoni, akasema magari yatasimama hapa msimu huu na unaofuata, na wenye vigae wale vigae vyao. Nkwabi alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, bado amempa mama mkwe mgongo, kama mtoto anayecheza kujificha.

Sauti za wageni zilipotoka nje kwenda kwenye mawe, Paskalia alimtuma Melania afue vitambaa. Akapakua. Nkwabi alisikia kijiko kikigusa sahani, akajua ni yake, akanyoosha mkono nyuma kuipokea aende nayo kwenye kigoda.

"Unakwenda wapi?"

"Nje, mayu. Kula."

"Kaa hapo mezani."

Akakaa, uso ukutani.

"Geuka, baba."

"Mayu..."

"Mbuzi wa kuondoa aibu hii ya kuonana nitamtoa mimi mwenyewe, kwa wazee wako Kishapu nitampeleka kwa miguu yangu. Geuka."

Nkwabi akageuka. Aliona kwanza meza, kisha sahani, kisha mikono ile aliyokwisha kuijua. Halafu akainua macho. Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, amechoka, ana paji la uso la Justina. Alikuwa ameketi ng'ambo ya meza, akimtazama moja kwa moja.

"Chakula changu sitakisikia tena," alisema. "Nimekwisha kubali, nimelia, nimemaliza. Lakini mimi nilikuwa nikionja nageuka, naendelea na kazi. Sijawahi hata siku moja kukaa nikamtazama mtu akila nilichopika. Kula nikuone."

Akamega. Mchuzi ukadondoka mezani. Akatia mdomoni akiwa ameinamia sahani.

"Inua uso."

Akainua. Akatafuna mbele ya mama mkwe wake, mchana kweupe, na macho ya yule mwanamke yakatua usoni mwake yakakaa hapo, yakifuata kila kitu, kope, mashavu, koo. Taratibu midomo yake nayo ikaanza kusogea.

"Chumvi imefika," alisema kwa sauti ndogo.

Ilikuwa imefika.

"Sasa karanga."

Na ni kweli, zilikuwa ndiyo kwanza zinafunguka. Machozi yakamtoka Nkwabi, yakamshuka waziwazi mpaka kidevuni, lakini hakuinamisha uso, na hakuacha kutafuna.